Vichwa vitatu kwa wiki kumi na moja: tathmini ya karakana ya kutunza nyara jijini Kampala

Kwa muda wa wiki kumi na moja ukuta wa sebule ya marehemu baba yangu, hapa Bombo, ulikuwa na misumari mitatu mitupu na madoa matatu meupe mahali ambapo moshi wa sigiri haukuwahi kufika. Vichwa vilivyoning'inia hapo tangu nikiwa mtoto, yaani nyati, kobu na nzohe (hawa wawili ni aina za swala), pamoja na pembe za kuro, swala mwingine, zilizosahauliwa stoo, vilikuwa katika karakana moja ya Kampala inayoshughulika na nyara za uwindaji. Vilirudi mwezi uliopita. Nilipokuwa nikitafuta fundi sikupata maelezo yoyote ya Kiswahili kuhusu jinsi huduma ya namna hii inavyofanywa, gharama zake na mambo ambayo mteja anapaswa kuyaangalia, kwa hiyo nimeona niandike tathmini hii kwa urefu, imfae yeyote aliyerithi kichwa cha mnyama na hajui akifanye nini.

Jina la karakana sitalitaja. Mwenyewe ndiye aliyeniomba hivyo, na sababu yake niliiona ni ya haki: kila jina lake linapozagaa hubishiwa hodi na watu waliobeba ngozi ya chui ndani ya gunia, nao hawapendi kuambiwa warudi nayo walikotoka. Mwenye nyara halali atampata kupitia kampuni za uwindaji, kama nilivyompata mimi.

Baba alikuwa dereva wa Idara ya Wanyamapori yenye makao yake Entebbe, ile ambayo wazee wote wa hapa waliiita "Game" na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Vichwa ni vya miaka ya 1960, na leseni alizowindia alizihifadhi ndani ya kopo la Kimbo, zimekunjwa mara nne, mpaka alipofariki. Enzi hizo aliyepata mnyama alipeleka ngozi na fuvu Nairobi, ambako kulikuwa na mafundi wa taksidemi, yaani ufundi wa kuivalisha ngozi ya mnyama juu ya umbo lililochongwa ili aonekane kama alivyokuwa hai. Kazi hiyo ilififia Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwetu uwindaji wa kitalii ulisimamishwa 1979, ukarudi kwa majaribio mwaka 2001 katika ranchi zilizo kando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo. Wageni wanaowinda siku hizi wengi wao hutaka ngozi na fuvu visafishwe, viuliwe vijidudu na kufungwa vizuri, kisha kazi ya kujaza ifanyike kwao. Ndiyo maana tunao watu wanaojua kuitayarisha nyara mpya isafiri, ilhali wanaojua kuitibu nyara ya miaka sitini ni wa kuhesabika kwa vidole. Na katika jiji lililopata jina lake kutokana na swala, ni ajabu kidogo kwamba mtu wa kurekebisha sikio la swala anatafutwa kama dawa.

Kabla sijaisifu karakana hii ni lazima nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka minne iliyopita niliwapeleka kobu na nzohe kwa fundi mwingine, ambaye kazi yake hasa ni viti vya ngozi, kwa sababu tu alikuwa karibu na alikubali upesi. Aliwaosha kwa sabuni ya unga, akawaanika juani juu ya bati, akawapulizia dawa ya mende, akapaka pembe vanishi na kuwabadilishia macho. Siku nilipowachukua walimetameta kama viatu vya gwaride, nami nikalipa bila neno. Mvua zilipoisha na kiangazi kikaanza, masikio ya kobu yalipasuka kuanzia ukingoni kuelekea ndani, na upande wa kushoto wa shingo manyoya yakaanza kutoka kwa kiganja kizima kizima. Kuhusu macho, nilijua kuna jambo haliko sawa, ila sikuweza kulitaja. Fundi wa sasa alilitaja kabla hajaketi: mboni zilikuwa za duara. Swala, kama mbuzi, ana mboni iliyolala kama tundu la kisanduku cha sadaka. Kwa miaka minne nzohe wa baba alikuwa akinitazama kwa macho ya mwanasesere. "Mwalimu," aliniambia, "hawa waliwafua kama shati."

Huduma yenyewe ilianza kwa simu, na swali la kwanza halikuwa kuhusu hali ya vichwa. Liliwahusu wenye mamlaka: karatasi ziko wapi? Nilipojaribu kueleza kwamba ni mali ya urithi na kwamba baba alikuwa mtu wa Game, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Pole kwa msiba, Mwalimu, lakini kichwa bila karatasi sikipokei, hata kingekuwa cha babu yangu mzaa mama." Wakati ule niliudhika. Baadaye nilielewa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 haimbembelezi anayekutwa na nyara asizoweza kuzieleza, na kwa spishi zilizo hatarini adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Tena Uganda imo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu 1991, kwa hiyo nyara za mnyama kama chui haziwezi kuvuka mpaka kwa maneno matupu. Nililichukua kopo la Kimbo mpaka ofisi za Mamlaka ya Wanyamapori kule Kamwokya, barabara ya Kira, jirani na Jumba la Makumbusho. Nilikwenda mara mbili, nikarudi na barua. Anayefikiria kupeleka nyara kwa fundi yeyote aanzie huko, na fundi asiyeuliza karatasi amwogope.

Siku ya kuvipeleka nilitarajia aviangalie usoni. Yeye alivigeuza. Alitandika karatasi nyeupe mezani, akamlaza nyati kifudifudi juu yake, akagonga ubao wa nyuma kwa kifundo cha kidole mara tano au sita, polepole, kama mtu anayepima kama nazi ina maji. Kisha akanyanyua kichwa na kunipa kioo cha kukuzia. Juu ya karatasi palikuwa na unga wa rangi ya kahawia, mfano wa kahawa iliyosagwa vibaya, na katikati yake maganda madogo yenye manyoya, mepesi kiasi kwamba yaliruka nilipopumua. Hayo ni magamba ambayo mabuu ya mbawakawa wa ngozi huyavua kila wanapokua. Mbawakawa mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mtama na hana hamu na nyara akishakomaa, maana wengine huenda zao kutafuta maua. Wanaokula ngozi, manyoya na pembe ni watoto wake, gizani, nyuma ya kichwa na ndani ya masikio, mahali ambapo kitambaa cha mtu anayepangusa hakifiki.

Alichonifundisha hapo ndicho ambacho sikukipata kwa fundi wa kwanza, nacho ni kutofautisha ugonjwa na kovu. Unga wa kahawia peke yake hauonyeshi kwamba wadudu wapo leo. Huenda walikula mwaka 1985 wakaondoka, na unga wao ukabaki ndani ukingoja mtu agonge. Kwa hiyo alivisafisha vichwa vyote vitatu kwa juu juu, akaviweka kila kimoja peke yake juu ya karatasi safi, ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kubwa lililofungwa, akaviacha siku kumi. Kwa nyati karatasi ilibaki nyeupe: kovu. Kwa kobu haikubaki nyeupe. Nzohe naye alikuwa na nondo wa nguo, yule yule anayetoboa masweta, na dalili yake ni nyuzi laini mfano wa utando wa buibui zilizoshikamana na manyoya yaliyokatwa chini kabisa, kana kwamba kinyozi amepita.

Pembe za kuro ndizo zilizomfurahisha, kama inafaa kusema hivyo juu ya mtu anayefurahia ugonjwa wa mwenzake. Mimi nilidhani ni udongo wa mchwa. Kutoka kwenye pembe zilichomoza vijifereji vigumu, vinene kama penseli, vingine vya urefu wa kidole, vimesimama kama chunusi zilizozidi kipimo. Ni kazi ya nondo wa pembe, mdudu wa Afrika hasa, ambaye wataalamu humwita Ceratophaga vastella. Mabuu yake hula pembe zenyewe, kwa kuwa pembe ni kitu kimoja na kucha na nywele, kisha hujenga vijifereji hivyo kwa uchafu wao na nyuzi ili watokee nje. Porini kazi yao ni njema, la sivyo mbuga zingejaa pembe. Stoo kwetu walikuwa wamekula robo ya pembe ya kulia kutoka ndani, na kwa nje haikuonekana. Katika tundu la pua la nyati, ili tusisahau wapangaji wengine, kulikuwa na nyumba tatu za udongo za nyigu, zote zimehamwa.

Sasa jambo lililonikosesha usingizi. Aliponiona nikitaka kumshika kobu kwa mikono mitupu alinipa glavu na barakoa, akaniuliza nyumbani tulikuwa tukivisafisha vipi. Nilimjibu kwa fahari kwamba mama alivipangusa kila Ijumaa kwa kitambaa chenye maji. "Na kitambaa hicho?" Nikakumbuka kwamba kitambaa hicho ndicho kilichopangusia meza. Nyara za zamani nyingi zilitiwa aseniki, ambayo ni sumu kali. Sabuni ya aseniki ilibuniwa Ufaransa katika karne ya 18 na Jean-Baptiste Bécoeur, mtu aliyependa ndege waliokaushwa na kuchoka kuwaona wakiliwa, na mafundi waliendelea kuipaka upande wa ndani wa ngozi hadi katika karne ya 20, pamoja na chumvi za zebaki na baadaye DDT, dawa ya kuua wadudu. Aseniki haiozi wala haipungui nguvu kwa kukaa. Huchomoza polepole kupitia mishono, kuzunguka macho na mzizi wa masikio, na wakati mwingine huonekana kama unga mweupe unaometa, wakati mwingine haionekani kabisa. Kanuni yake ni kwamba kila kichwa cha kabla ya miaka ya 1980 kina sumu mpaka kipimwe na kuonekana hakina: hakipigwi mswaki ndani ya chumba kilichofungwa, hakipulizwi kwa mdomo, hakitundikwi juu ya meza ya kulia wala katika chumba cha watoto, na mashine ya kufyonza vumbi inayotumika ni ile yenye kichujio kinachonasa vumbi laini sana, kwa kuwa ya kawaida hufyonza sumu mbele na kuitema nyuma. Mama aliishi miaka 81, alhamdulillahi, lakini kitambaa kile nimekichoma moto.

Sumu hiyo, kumbe, haikuwazuia wadudu wa kobu, kwa sababu aliyeipaka alipaka ngozi na kuyasahau manyoya. Karakana haiongezi sumu nyingine juu yake. Hutumia baridi. Kila kichwa hufungwa ndani ya kaveera mbili, hewa ikatolewa, kikaingizwa kwenye friza kubwa la mfano wa yale ya wauza samaki, katika nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa wiki mbili kamili. Baridi hiyo hufika mpaka kwenye yai la mdudu, mahali ambapo dawa ya kupuliza haifiki. Kikitoka hakifunguliwi mpaka joto lake lilingane na la chumba, kwa sababu kikifunguliwa kingali cha baridi hutoa jasho kama chupa ya soda, na jasho hilo ndilo linaloleta ukungu. Hapa ndipo ahadi ya wiki sita ilipovunjika. Umeme ulikatika siku ya tisa ya kobu, ukakaa nje usiku na mchana, na jenereta ilikuwa kwa fundi wake. Angeweza kuniambia kwamba yote yamekwenda salama, nami nisingejua. Badala yake alinipigia simu kueleza kwamba anaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza, kwa kuwa mdudu aliyepozwa kidogo akapashwa moto huzoea. Nilikasirika kwa sababu ya wiki zilizopotea. Fedha hakuongeza.

Usafishaji niliruhusiwa kuutazama kwa saa moja, nje, chini ya turubai, nikiwa nimevaa barakoa. Alitumia brashi laini ya kupakia rangi, akifuata manyoya yanakoelekea, na mkono wa pili ulishika bomba la kufyonzea lililofunikwa kwa kipande cha chandarua ili lisivute nywele. Brashi inapita, bomba linapokea, sentimita kwa sentimita. Nilipomuuliza kwa nini haoshi, alichovya pamba kwenye maji yaliyosafishwa yenye spiriti kidogo, akaibana mpaka ikakaribia kukauka, akaibingirisha mara moja, bila kusugua, juu ya shavu la nyati. Ikatoka nyeusi kama masizi ya sufuria. "Hii si vumbi, Mwalimu. Hii ni chakula." Moshi wa mkaa, mvuke wa mafuta ya kukaangia, miaka sitini ya mchana na usiku wa Idi. Mafuta hayo hushika vumbi, na vumbi lenye mafuta ndilo pilau ya wadudu. Macho ya vioo aliyapangusa kwa kijiti chenye pamba, akiitia dawa pamba na kamwe si jicho, kwa sababu dawa ikitiririka kwenye kope huozesha ngozi iliyo chini yake. Vanishi ya pembe aliitoa kwa siku nne, na chini yake nikaiona tena ile rangi ya moshi ninayoikumbuka, yenye mikwaruzo ya mnyama aliyekuwa akisugua miti. Hakupaka chochote juu yake. Mafuta ya kupaka, alisema, humpendeza mwenye nyumba kwa wiki moja na huwapendeza wadudu kwa mwaka.

Katika matengenezo ndipo alipokataa mambo mengi, na kwangu mimi hapo ndipo thamani ya fedha zangu ilipokuwa. Alikataa kubandika manyoya ya mbuzi kwenye upara wa kobu, jambo ambalo fundi mwingine niliyempigia simu alilitoa kama bonasi. Alichukua manyoya machache machache kutoka sehemu ya nyuma ya shingo ya kobu huyo huyo, pale panapotazamana na ukuta, akayapanda mbele kwa gundi, unywele kwa unywele, kwa kibano. Upara haukuisha, umefifia, na akanionyesha ulipo, ili nisije nikadhani amenidanganya. Nyufa za masikio alizishika kwa nyuma kwa karatasi nyembamba yenye nyuzi ndefu na gundi, kisha akazijaza na kuzipaka rangi. Alikataa pia kumlaumu fundi wa kwanza kwa kila kitu, ingawa mimi nilikuwa tayari kumsaidia. Chini ya sikio la kulia la kobu kuna sehemu isiyo na nywele ambayo, kwa maelezo yake, ni ya siku ile ile mnyama alipoanguka: ngozi ilichelewa kutiwa chumvi.

Hilo la chumvi linafaa kuelezwa, maana hata anayewinda kihalali leo hukosea hapo hapo. Katika joto la kwetu bakteria huanza kuila ngozi ndani ya saa chache, na wakishafika kwenye mizizi ya nywele hakuna fundi duniani atakayezirudisha. Ngozi itakauka, itajazwa, na baada ya miaka nywele zitaondoka. Lazima ichunwe mapema, nyama yote iondolewe, masikio yageuzwe ndani nje na midomo ipasuliwe, kisha chumvi isuguliwe kila mahali, wala isihesabiwe kwa vijiko. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyekuja Afrika Mashariki mwaka 1909 na mwaka uliofuata akapita Uganda kuwafuata vifaru weupe kule Nile Magharibi kwa ajili ya makumbusho ya Washington, alisafiri na tani nne za chumvi. Vifaru wetu wa porini walikwisha kabisa katika miaka ya 1980. Ngozi alizozichukua yeye bado zipo.

Nisipotaja kasoro, hii haitakuwa tathmini. Kwanza ni muda: wiki sita zikawa kumi na moja, na umeme unaeleza tatu tu kati ya zilizozidi, zilizobaki ni za kungoja macho mapya kutoka ng'ambo, ambayo angeweza kuyaagiza siku ya kwanza. Pili ni macho yenyewe. Mboni sasa zimelala inavyotakiwa, lakini rangi ya nzohe imekaribia wekundu kuliko jicho la kahawia nzito ninalolikumbuka, naye alipoambiwa alikubali, akaahidi kubadilisha, na bado nangoja. Tatu ni usafirishaji. Mtu aliyemhudumia nyati kwa brashi ya kupakia rangi hakupaswa kumrudisha Bombo juu ya pikapu isiyo na kifuniko, kilomita 35 hivi, mwezi wa Oktoba. Tuliwahi mvua kwa dakika kumi, na dakika hizo zilikuwa za Mungu, hazikuwa za dereva. Nne, hakuna ripoti iliyopigwa chapa; nilipewa daftari la shule lenye maelezo kwa mkono, ingawa mwandiko wake, nasema kama mwalimu, ni mzuri kuliko wa madaktari wengi.

Gharama ilikuwa shilingi 1,350,000 kwa vyote, nusu ikilipwa mwanzo. Nyati peke yake alichukua 500,000 kwa sababu ya uzito na ukubwa wake. Umbo lake la ndani ni la plasta na mbao, si povu gumu la plastiki linalotumika siku hizi, na walihitajika vijana watatu kumshusha. Pembe za kuro hakuzitoza zaidi ya gharama ya friza, akaziacha na mashimo yake bila kuziba. Ni fedha nyingi. Fundi wa viti alinitoza 180,000, na matengenezo ya kazi yake yamechukua zaidi ya theluthi moja ya bili hii mpya, kwa hiyo hesabu ya rahisi na ghali nimeacha kuifanya.

Kilichonifaa kuliko vyote hakimo katika bili. Alipovileta alikataa kuvirudisha kwenye misumari ile ile. Ukuta ule ni wa nje, unapigwa na mvua za machweo, na kipimo kidogo cha unyevu alichokibandika juu yake kilisoma asilimia 74, wakati ukungu huanza kujiona nyumbani unapozidi 65 hivi. Ukuta wa ndani, unaotenganisha sebule na ukumbi, ulisoma 66. Si pepo, lakini afadhali. Kila ubao ukawekewa vipande vya kizibo nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta, na nyati akapata boliti mbili zilizopenya tofali badala ya msumari mmoja wa imani. Dirisha linalomtazama kobu limewekwa pazia, kwa sababu rangi iliyochukuliwa na jua hairudi kwa dawa yoyote. Makumbusho huvimulika vitu vya namna hii kwa mwanga hafifu, kama luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), nasi tulikuwa tumempa jua la saa tisa kwa miaka sitini. Sigiri imehamia uani. Wajukuu wamepigwa marufuku kuyashika masikio, na wameambiwa sababu, maana mtoto aliyekatazwa bila sababu hushika usiku.

Karakana hii haishughulikii samaki wala ndege, na haifai kwa mwenye haraka ya sherehe ya wiki ijayo. Anayetaka kichwa king'ae pia atakata tamaa, kwa sababu vichwa vyangu having'ai. Vimerudi vikiwa vizee, na uzee wao umesafishwa. Kabla ya kumlipa mtu yeyote ningemshauri msomaji apite kwanza kwenye Jumba la Makumbusho pale barabara ya Kira, awatazame wanyama waliojazwa walioko huko, hasa masikio, kope na kona za midomo, ili ajue nyara ya zamani iliyozeeka kawaida inafananaje. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, na ndiyo maana nilidanganyika na vanishi.

Kwa mujibu wa lile daftari, natakiwa kutandika karatasi nyeupe chini ya kila kichwa na kuisoma kila Jumamosi, kisha kumpigia simu nikiona unga wa kahawia. Jumamosi iliyopita chini ya kobu hapakuwa na kitu. Chini ya nzohe, hapakuwa na kitu. Chini ya nyati kulikuwa na mavi mawili ya mjusi na bawa moja la kumbikumbi, nami nilimpigia simu hata hivyo. Aliniuliza kama bawa ni zima au limetafunwa. Nikavaa miwani, nikarudi kulitazama. Lilikuwa zima.